Ajenti Kimya Ashuka Mto

Mangobo nzima, huu mtaa wetu wa Kisangani, ukiuliza anaponyoa Sadrack Lofemba, utaulizwa, "Sadrack gani?" Sema Ajenti Kimya. Hapo mtu ataacha alichokuwa akifanya, atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni pa saluni, na njiani atakusimulia vipindi vitatu ambavyo hukumwomba. Ndani utamkuta Sadrack mwenyewe, mrefu, mwembamba, shingo ndefu na mashine ya kunyolea mkononi, na mteja kitini anamwambia achunge sikio lake kwa sababu majasusi mikono huwatetemeka. Mikono ya Sadrack haitetemeki. Ana miaka kumi na minne katika kazi hiyo na hajawahi kumtoa mtu damu. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyemwona kwenye televisheni akikimbizwa na mbuzi.

Na tuseme ukweli tangu mwanzo: yule mbuzi hakuwa kwenye maandishi.

Mambo yalikuwa hivi. Hemedi Salumu, mwalimu wa jiografia wa mtaa wa Kabondo, mtoto wa waungwana wa zamani wa mjini, mwenye kofia safi na ulimi mkali, alikuwa ameandika mchezo wa kuchekesha juu ya jasusi. Alikuwa na kamera moja, bastola moja ya mti na chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Alikuwa pia na mchezaji mkuu, kijana wa sura nzuri, ambaye asubuhi ya siku ya kwanza alipanda ndege kwenda Kinshasa bila kumuaga hata mbwa. Sadrack alikuwa ameitwa kunyoa wachezaji tu. Hemedi alimpima kwa macho kutoka miguuni mpaka kichwani, akaona kwamba koti la jasusi, lililoshonwa kwa pazia la zamani, lingemfaa.

"Wewe, acha ile mashine," akasema. "Vaa hii."

Kazi ya kwanza ya jasusi ilikuwa kuvuka uwanja kwa kunyatia. Sadrack akanyatia. Mbuzi wa jirani akakata kamba, akaja kutazama. Sadrack, ambaye tangu utotoni anaogopa kitu chochote chenye pembe, alipiga ukelele, akaparamia paa la choo, akakaa kule juu akimwomba mbuzi msamaha kwa Kifaransa. Hemedi hakuzima kamera. Wiki ile kipindi kilipoonyeshwa, mji mzima ulikuwa unaongea Kifaransa na mbuzi, na Sadrack hakurudi kuwa kinyozi wa kawaida tena.

Ndivyo alivyozaliwa Ajenti Kimya, jasusi asiyeweza kunyamaza. Katika msimu wa kwanza Kimya ni mjinga mwenye furaha. Mlangoni pake ameweka kibao kikubwa: OFISI YA SIRI. Ukimpa siri asubuhi, saa sita wauza samaki wanayo, na jioni inarudi kwako ikiwa imetiwa chumvi hata wewe mwenyewe huijui. Kipindi cha tisa ndicho kilichowavunja watu mbavu. Kimya anatumwa kupeleleza familia fulani kwa kujifanya mchumba. Baba wa binti anamwuliza kwa heshima zote kama kweli anamtaka mtoto wake. Kimya anashikwa na hofu, anaruka dirishani, anaangukia kamba ya nguo, na kinachobaki mwilini mwake ni liputa, kitenge cha mama mkwe kilichokuwa kimeanikwa. Anakimbia nacho mpaka sokoni.

Wewe unayesoma kutoka mbali huenda umecheka kidogo ukaendelea. Huku kwetu mkwe, bokilo, ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Huketi kwenye kiti chake, huli mbele yake, na kitenge chake hukigusi hata kikianguka matopeni. Kwa hiyo kina mama walitazama kipindi kile wamejifunika uso kwa viganja, wakichungulia katikati ya vidole, wakicheka mpaka machozi. Mchungaji mmoja alikisema vibaya ibadani Jumapili, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amekitazama mara mbili.

Mtu mwingine angekaa hapo hapo, mbuzi leo, mbuzi kesho, miaka kumi. Hemedi alikuwa mwalimu, na mwalimu hapendi mwanafunzi arudie darasa. Msimu wa pili Kimya anagundua kwamba anachekwa, na jambo hilo linamchoma. Basi anaanza kudanganya. Anaanguka na dari juu ya wezi wawili, halafu anawaambia watu wa redio kwamba ulikuwa mpango wake wa miezi mitatu. Msimu wa tatu uongo umemchosha. Kwa sababu ya mdomo wake mama mmoja amefunga mgahawa, na Kimya anazunguka mji nyumba kwa nyumba, akiwaomba msamaha wote aliotoa siri zao. Nyumba ya nne anapigwa mwiko, naye anashukuru na kwenda ya tano. Halafu msimu wa nne, uliomalizika mwaka huu: amemtafuta mwizi wa dawa za hospitali vipindi kumi na viwili, na anapomkuta ni bibi mmoja mwenye wajukuu wagonjwa, ambaye amekwisha kurudisha kila chupa iliyobaki. Wakubwa wanamweka Kimya mbele ya meza na kumtaka jina. Anasema hajui. Wanamwita mwoga, wanamvua koti, wanamfukuza, na kamera inabaki usoni pake dakika nzima bila neno. Siku hiyo Mangobo haikucheka. Watu walilia mbele ya televisheni za jirani, kisha wakagombana nani aliyeanza.

Ajabu ni kwamba saluni nayo ilibadilika. Wakati wa msimu wa kwanza wateja walikaa kitini midomo imefungwa, wakiogopa kwamba chochote watakachosema kitafika sokoni kabla yao. Siku hizi wanamnong'oneza mpaka mambo ya ndoa zao, na Sadrack, ambaye hakuwahi kuomba habari hizo, anazibeba kichwani kama mzigo wa watu wengine.

Sasa tumlete Rosine. Rosine Bosenge ndiye aliyeshika maikrofoni miaka yote minne, akiwa ameifunga kwenye mpini wa ufagio. Ni msichana wa mtoni, wa Isangi, mji mdogo upande wa chini wa mto, mfupi, mchangamfu, mwenye mkono usiochoka. Alimpenda Sadrack naye Sadrack alimpenda, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu chumbani juu ya duka la magodoro muda mrefu kabla wao wenyewe hawajaambiana. Walipoambiana, Rosine aliweka sharti moja bila kuzunguka.

"Papa akisema hapana, sitaolewa," akamwambia. "Miye ninakupenda, unajua. Lakini siwezi kuanza nyumba kama papa anaangalia pembeni."

Sadrack akakubali. Yote aliyoyataka duniani sasa yalikuwa mkononi mwa mzee mmoja wa Isangi ambaye hajawahi kumwona. Rosine alitangulia kwao kutayarisha ukoo. Wiki moja baadaye Sadrack alimfuata pamoja na mjomba wake, Tonton Émile, karani mstaafu mwenye tumbo na maneno. Tonton ndiye angesema, kwa sababu siku ya kujitambulisha kwa wakwe mchumba hafungui mdomo. Anakaa, anatazama chini, mwenye kumsemea anamsemea. Hemedi aliwapa zawadi ya kupeleka, kadi ndogo ya simu yenye misimu yote minne, akasema mkwe yeyote mwenye akili atapenda.

Bandarini Kisangani walipanda boti ya mbao yenye injini, ile tunayoita baleinière, na Sadrack akapokelewa kama mkubwa wa serikali. Abiria walimsogezea gunia la chumvi laini la kukalia, chini ya turubai. Mwanamke mmoja aliinama akamnong'oneza kwamba mumewe ana nyumba nyingine ng'ambo ya mto, asimwambie mtu. Sadrack akaitikia kwa kichwa. Tonton Émile alivimba kwa fahari hata vifungo vya shati vikalia.

"Unaona?" akasema. "Na heshima ya namna hii, Isangi itakuwa kazi ya dakika tano."

Mchana walifika Yanonge. Boti haijafungwa vizuri, muuza kwanga mmoja, ile mikate ya muhogo, akamwona Sadrack, akashika kiuno.

"Kimya, bon, umefika," akasema. "Kuya hapa uniombe samahani."

Sadrack hakuwa amemkosea lolote. Hajawahi hata kumwona. Lakini alishuka, akaomba msamaha. Nyuma ya yule mama palikuwa na mwingine, na mwingine, mstari mzima wa watu wanaocheka na kusubiri zamu yao, na wa mwisho alikuja na mwiko. Aliporudi kwenye boti, bega lilimwuma na kikapu kilikuwa kimejaa ndizi za kupewa. Alifurahi, lakini kuna kitu kilianza kumkuna akilini. Mjini hakuna aliyezungumza tena habari za mwiko. Mwiko ulikuwa wa mwaka jana.

Jioni ikawakuta Yangambi, ambako wangelala. Afisa wa bandari alikuwa akiandika abiria. Sadrack akataja jina lake. Afisa akaweka kalamu chini.

"Acha uongo," akasema, na wote waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko.

Sadrack akatoa kitambulisho. Afisa akakigeuza huku na huku, akasema kwamba mtu aliyewaambia watu wa redio kuwa aliangusha dari kwa makusudi anaweza kutengeneza kitambulisho pia. Akaandika "Kimya", akaita mwingine. Sadrack aliuliza chakula, wakasema tayari umekula, tunakujua. Alisema amechoka, wakamtaka ushahidi. Tonton Émile hakuelewa hata kidogo. Mwenye kuwaelewesha alikuwa mtengeneza simu mmoja pale bandarini, mtu mpole mwenye meza iliyojaa nyaya.

"Televisheni yenu haifikaka huku," akawaambia. "Shiye tunangojaka kadi. Batu ba boti banaleta, tunakopia, inashuka tena. Yanonge iko msimu ya tatu. Hapa shiye tuko ya pili. Isangi bado banaangalia ya kwanza."

"Ya kwanza wapi?" akauliza Sadrack.

Mtengeneza simu akafikiri. "Juzi balifika kipindi ya kenda," akasema.

Kipindi cha tisa. Dirisha, kamba ya nguo, kitenge. Sadrack aliketi juu ya kasha la bia, akahesabu mambo kwa vidole, na kila alivyohesabu alirudi pale pale. Kila kona ya mto ilikuwa imemvua kitu. Mjini alikuwa mtu wa kuaminiwa, Yanonge mwenye majuto, Yangambi mwongo, na kesho saa nne asubuhi angeingia kwa baba wa mchumba akiwa bado hajajifunza hata kuona haya. Tonton Émile alimpigapiga bega, bahati mbaya lile lililopigwa mwiko, akasema hakuna neno, yeye ana maneno ya kutosha.

Kesho yake, boti ilipokaribia Isangi, pale maji ya Lomami yanapoingia mtoni, waliona ukingo umejaa watu kama siku ya uchaguzi. Wote walikuwa na meno nje. Na katikati yao, ameshikwa kamba na babu mmoja mwenye heshima kabisa, alisimama mbuzi mkubwa mwenye ndevu.

"Ni wa kukukaribisha," akasema yule babu kwa unyenyekevu.

Sadrack alijikaza kisabuni. Alishuka akiwa amemweka Tonton Émile katikati yake na yule mnyama, akazunguka pale Tonton alipozunguka, na umati ukawasindikiza mpaka kwa kina Bosenge ukipiga makofi, ukimwimbia, ukimsemesha mbuzi kwa Kifaransa. Alitamani kulia, na wakati huo huo kicheko kilimbana kooni, maana hata yeye aliona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa.

Nyumbani kwa mkwe hapakuwa na kicheko. Viti vilipangwa pande mbili, ukoo umeketi, wazee mbele. Kamba za nguo zilikuwa tupu. Hakuna hata kitambaa cha sahani kilichoanikwa. Na madirisha yote ya nyumba, kwa joto lile, yalikuwa yamezibwa kwa mbao na misumari mipya. Papa Dominique Bosenge alikuwa amekaa mbele ya mlango, mzee mnene wa kifua, aliyeuza samaki wa moshi mjini Kisangani miaka ishirini na kwa hiyo alijua Kiswahili vizuri na ujanja wa watu wa mjini vizuri zaidi. Mkewe hakuonekana. Rosine alikaa upande wa wanawake, akimtazama Sadrack kwa macho ya mtu anayeomba radhi.

Tonton Émile alisimama, akakohoa, akatoa hotuba nzuri sana. Alisema wameona ua katika kiwanja hiki, nao wamekuja kuuliza mwenye ua ni nani. Papa Dominique alimwacha amalize mpaka neno la mwisho.

"Tonton, unasema vizuri," akajibu. "Lakini ule kijana nyuma yako, shiye tunamujua. Balimuuliza kama anataka mutoto wa batu, akaruka dirisha. Na liputa ya bokilo. Miye nimpe binti yangu mutu wa namna ile?"

"Papa Dominique, ile iko mchezo," akasema Tonton. "Na tena alibadilika. Ukiona saison ya ine, ule msimu wa mwisho, mutu mwingine kabisa."

"Ile ya ine, miye bado kuona," akasema Papa Dominique. "Ninajua ile niliona na macho."

Ukoo ukanung'unika kukubali. Sadrack alitazama vidole vyake vya miguu. Alitaka kusimama na kusema jambo, lolote, na alijua kwamba akifungua mdomo bila ruhusa atakuwa amethibitisha kila kitu. Tonton Émile, ambaye maneno yalikuwa yamemwishia kwa mara ya kwanza maishani, alipapasa mifuko, akakuta ile kadi, akaiweka mezani.

"Yote ine iko hapa," akasema.

Papa Dominique aliigeuza kadi vidoleni. Mtu mwingine angecheka au angewafukuza. Yeye alikuwa mtu wa haki, na aliona kwamba kumhukumu mtu kwa robo ya habari zake si vizuri.

"Bon," akasema. "Tutaangalia. Mpaka mwisho. Kisha nitasema."

Basi siku mbili nzima, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, ukoo wa Bosenge ulikaa mbele ya televisheni iliyolishwa na jenereta, na kesi ya Ajenti Kimya ikasikilizwa. Nusu ya Isangi ilisikiliza pia, imesimama uani. Sadrack aliketi kwenye kiti cha mshitakiwa, akijitazama. Papa Dominique alishika rimoti, na kila alipoona ubaya alisimamisha picha na kuuliza.

"Hapa. Juu ya nini, sababu gani, anadanganya batu ba redio?"

Na kwa kuwa mchumba hafungui mdomo, Tonton Émile ndiye aliyelazimika kusimama na kujibu. Alijitetea kwa dari ambayo hakuiangusha. Aliomba radhi kwa mgahawa ambao hakuufunga. Siku ya pili asubuhi alikuwa ameingia kabisa, akisema "pale mimi nilikosea" na kujifuta jasho, na wazee wakampa ushauri.

Mama mkwe naye alikuwa akitazama. Kwa heshima ya bokilo alikaa mlangoni mwa jiko, amegeuza mgongo kidogo, akisikiliza zaidi ya kuona. Na kwa sababu alikuwa anasikiliza, ndiye aliyegundua. Ilikuwa siku ya kwanza, walipokuwa bado wanarudia msimu wa kwanza kwa haki, kipindi kwa kipindi, na mara akaita kutoka jikoni, "Rudisha kidogo pale."

Papa Dominique akarudisha.

"Ule mutu anacheka nyuma," akasema mama. "Iko Rosine."

Wote wakakaza masikio. Ni kweli. Nyuma ya sauti ya Kimya, mbali kidogo, palikuwa na kicheko cha mwanamke aliyejaribu kukizuia akashindwa. Kilikuwapo kwenye mbuzi. Kilikuwapo dirishani, kikubwa zaidi, hata sauti ikatikisika. Rosine alificha uso kwenye mapaja ya shangazi yake. Tangu hapo mama hakugeuza mgongo tena, na Papa Dominique hakutazama kama alivyokuwa akitazama mwanzoni. Alikuwa anamtafuta mtoto wake. Msimu wa pili kicheko kilikuwa kinakuja na kwenda. Msimu wa tatu kikaisha. Mwiko ulipiga, uani watu walianguka kwa kucheka, na kwenye picha hakukuwa na mtu aliyecheka.

Papa Dominique akasimamisha. "Rosine. Hapa haucheki. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nashika micro, papa," akasema Rosine polepole. "Ile siku nilianza kumuogopea asiumie."

Papa Dominique akabonyeza, picha zikaendelea.

Dakika ya mwisho ya msimu wa nne, ile ya uso wa Kimya akinyamaza, Isangi iliipokea kama mji ulivyoipokea. Babu mwenye mbuzi alilia waziwazi. Picha ikazima. Papa Dominique akamgeukia Tonton Émile.

"Tonton, pumzika. Sasa ninauliza kijana mwenyewe." Akamtazama Sadrack machoni. "Ule wa mwisho, mwenye kunyamaza. Njo wewe? Ni wewe kabisa?"

Jibu lilikuwa limelala pale, rahisi. Ukoo mzima ulikuwa umelowa machozi na ulikuwa tayari kulipokea. Tonton Émile alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa nguvu, akimsukumia neno. Sadrack alilifungulia mdomo, akalisikia ulimini, akaona kwamba hawezi.

"Hapana, papa," akasema. "Ule, Hemedi njo aliandika, miye nilisoma. Najifunza kuwa kama yeye, lakini bado. Ule wa kwanza njo miye. Woga ule hakuna mutu aliandika. Juzi nilipoona batu pale beach, pale bandari, nilitaka kurudia na boti ile ile."

Tonton Émile alifunga macho. Uani mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Na sababu gani haukurudia?" akauliza Papa Dominique.

"Rosine iko hapa," akasema Sadrack.

Papa Dominique alijikuna kidevu. Aliwatazama wazee, akawatazama kina mama, halafu akamwita binti yake asimame katikati ya viti, kama desturi inavyotaka, ili aulizwe mbele ya watu na kusiwe na wa kusema baadaye kwamba alilazimishwa. Rosine akasimama.

"Unamujua huyu mutu?"

"Namujua, papa."

"Yupi? Shiye hapa tuliona ine. Mujinga, mwongo, mwenye kuomba samahani, na ule mwenye kunyamaza. Unataka kuolewa na nani?"

Rosine alimtazama Sadrack, aliyekuwa amekaa kitini na shingo yake ndefu, kijasho kikimtiririka, macho yamemtoka.

"Bote, papa," akasema. "Bote ine."

Mama akapiga vigelegele kutoka mlangoni mwa jiko, na uani wakaitikia. Papa Dominique aliwaacha wamalize. Halafu akamgeukia Tonton Émile, akamwita bokilo kwa mara ya kwanza, akamwambia wakaribie kula.